Kisa cha David de Gea: namna ya kumpima kipa ambaye bado anakua

Tarehe 31 Desemba 2011, Manchester United walifungwa 3-2 nyumbani na Blackburn Rovers, timu iliyokuwa inashika mkia wa Ligi Kuu ya Uingereza. Bao la tatu lilitokana na kona. Kipa wa United, David de Gea, alitoka kuufuata mpira, akazidiwa kwenye msongamano, na beki Grant Hanley akafunga kwa kichwa dakika ya 80. Mechi iliyofuata, ugenini kwa Newcastle, De Gea alikuwa benchi na langoni akasimama Anders Lindegaard. United wakafungwa tena, 3-0.

Kijana aliyekalishwa benchi alikuwa na miaka 21 na miezi isiyofika miwili. Miezi sita nyuma alikuwa amenunuliwa kutoka Atlético Madrid kwa ada iliyotajwa kuwa karibu pauni milioni 19, kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa ajili ya kipa nchini Uingereza. Baada ya Blackburn swali lililozagaa lilikuwa moja: je, klabu imeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Jibu la miaka iliyofuata linajulikana. Lakini kinachonivutia katika kisa hiki ni Januari 2012 yenyewe, wakati ambapo hakuna aliyejua mwisho wake. Ushahidi uliokuwa mezani siku ile ungeweza kumwambia nini mtu mwenye kazi ya kuamua? Kwa maoni yangu ulikuwa unasema mambo mengi, ila ulisomwa kwa kuhesabu mabao, na mabao ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote kwa kipa wa umri ule.

Tuanze na sababu za kumnunua. Edwin van der Sar alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 40. Klabu ilikuwa bado inakumbuka kilichotokea mara ya mwisho ilipompoteza kipa mkubwa: Peter Schmeichel alipoondoka 1999, ilichukua hadi 2005, alipofika Van der Sar, lango kutulia. Katikati walipita Mark Bosnich, Massimo Taibi aliyecheza mechi nne tu, Fabien Barthez, Roy Carroll na Tim Howard. Safari hii kocha wa United, Alex Ferguson, hakutaka kubahatisha. Septemba 2010 aliacha mechi ya timu yake mwenyewe ya Kombe la Ligi dhidi ya Scunthorpe ili akamtazame De Gea akiichezea Atlético kwa Valencia. Kocha wa makipa, Eric Steele, naye alimfuatilia kwa muda mrefu.

Walichokiona hakikuwa kidogo. De Gea aliingizwa kikosi cha kwanza cha Atlético akiwa na miaka 18, Septemba 2009, dhidi ya Porto katika Ligi ya Mabingwa, baada ya kipa aliyeianza mechi kuumia. Msimu huo huo akatwaa Ligi ya Europa, fainali wakiifunga Fulham 2-1. Agosti 2010, katika mechi ya Super Cup ya Ulaya dhidi ya Inter Milan, alipangua penalti ya Diego Milito dakika za lala salama. Miitikio yake ilikuwa ya haraka mno, na kwenye mipira ya chini alikuwa na mtindo wa kuokoa kwa mguu badala ya kujilaza na kupeleka mikono. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kipa ni mikono, huo ulionekana uzembe. Baadaye huo ndio uliompa sifa.

Kitu ambacho hawakuweza kukiona Hispania ni namna atakavyofanya mahali ambapo krosi na kona ni silaha kuu, washambuliaji wanasimama juu ya vidole vya kipa na mwamuzi hapulizi filimbi. Alikuwa na urefu wa mita 1.92 na mwili mwembamba wa kijana. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na kazi ya kipa nusu yake ni kuwasemesha mabeki.

Sasa mabao. Watu waliyajumlisha yote na kusema kijana anafungwa mabao mepesi. Ukiyatenganisha unapata picha nyingine.

Mechi yake ya kwanza ya ushindani ilikuwa Ngao ya Jamii, Agosti 2011, dhidi ya Manchester City. Kabla ya mapumziko alifungwa mawili: Joleon Lescott kwa kichwa kutokana na mpira wa adhabu, kisha Edin Džeko kwa shuti la mbali. La Lescott linahusu uamuzi, ama unatoka ama unabaki kwenye mstari, na kipa mgeni asiyewajua mabeki wake ndiye anayekwama katikati. La Džeko ni la kusimama: ukipigiwa shuti la mbali miguu ikiwa haijatulia, unaruka nusu sekunde baada ya wakati. United walirudi wakashinda 3-2, lakini kila mtu aliondoka akimzungumza kipa.

Wiki moja baadaye, kwa West Bromwich, Shane Long alipiga shuti la chini lisilo na nguvu kubwa, likapita chini ya mikono ya De Gea. Hili ni kosa la udakaji, la aibu kulitazama, na ndilo lililorudiwa sana kwenye televisheni. Lakini kwa mtu anayepima kipaji ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Kipa yeyote hupitisha mpira wa namna hiyo mara chache, awe na miaka 20 au 35. La kuuliza ni kama linajirudia, na kwa De Gea wakati ule halikuwa limegeuka tabia.

Kisha likaja la Blackburn, ambalo ni la mwili na uamuzi kwa pamoja. Alitoka, kwa hiyo ujasiri alikuwa nao. Hakufika, kwa hiyo alipima vibaya au alisukumwa akashindwa kusukuma. Kosa la aina hii kwa kijana mwembamba hujirudia mpaka kitu kibadilike, ama mwili wake ama namna anavyochagua mipira ya kuifuata. Lingekuwa kosa moja, mtu angelipuuza. Lakini mwishoni mwa Januari hiyo hiyo, katika Kombe la FA kwa Liverpool, Daniel Agger alifunga kwa kichwa kutokana na kona huku De Gea amebanwa katikati ya watu. Hapo kulikuwa na tatizo la kweli, na lilikuwa moja, linalotajika kwa jina na lenye mazoezi yake. Kauli ya kwamba kijana hafai inafunika kila kitu na kumwacha kocha bila pa kuanzia.

Kuna pia mabao ambayo hayakuwa yake kabisa. Oktoba 23, City walikwenda Old Trafford wakashinda 6-1. Jonny Evans alitolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha pili, United wakaendelea kushambulia kana kwamba wako kamili, na matatu kati ya mabao sita yaliingia katika dakika za mwisho kabisa timu ikiwa imefunguka kama mlango usio na komeo. Rekodi inamwandikia kipa mabao sita.

Upande mwingine wa daftari ulikuwa hausomwi. Agosti 28, United walipoifunga Arsenal 8-2, De Gea alipangua penalti ya Robin van Persie matokeo yakiwa bado 1-0. Ingeingia, mchana ule ungeweza kwenda njia nyingine. Lakini timu ikishinda 8-2 nani atakumbuka kipa?

Mazingira nayo hayakusaidia. Rio Ferdinand na Nemanja Vidić, jozi ambayo Van der Sar alicheza nyuma yake kwa miaka, waliumia wote wawili kwenye mechi ile ile ya West Bromwich. Desemba, kule Basel, Vidić akaumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Siku ya Blackburn beki ya kati ilikuwa na Phil Jones, ambaye mwenyewe alikuwa na miaka 19, na Michael Carrick ambaye ni kiungo. Kulia alicheza Antonio Valencia, winga. Kipa kijana asiyeongea lugha ya wenzake, nyuma ya ukuta uliokusanywa asubuhi, akapewa kona za timu inayopigania kutoshuka daraja. Simtetei kwa bao la Hanley, alikosea. Ila mtu anayetaka kujua uwezo wa kipa hawezi kuipa mechi ile uzito sawa na nyingine.

Lindegaard ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa gumu kweli. Alikuwa na miaka 27, mtulivu, mwenye mwili uliokomaa, na katika mechi alizopewa msimu ule hakuwa akifungwa ovyo. Ukiweka takwimu za miezi ile mezani, kumchagua yeye kulikuwa na mantiki. Mchezaji asiye kipa anayeyumba anaweza kuingizwa dakika ya 75 timu ikiwa inaongoza 3-0, akarudisha kujiamini taratibu. Kipa hana dakika hizo. Nafasi ni moja, kila unapompa anayekua unamnyima aliyekomaa, na gharama ya kukua kwake inalipwa kwa pointi za timu nzima. Msimu ule United walimaliza na pointi 89, sawa na City, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Atakayesema kwamba subira kwa De Gea iliwagharimu taji hasemi upuuzi, ingawa 6-1 peke yake ilikula sehemu kubwa ya tofauti hiyo na haikuwa kazi ya kipa.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi Januari 2012? Naona Ferguson alikuwa sahihi kumpumzisha na angekosea kumwacha huko. Kipa anayepoteza mpira wa kona wiki baada ya wiki mbele ya watu elfu 75 hajifunzi tena, anajilinda. Anaanza kubaki kwenye mstari hata kwa mipira ambayo ni yake, na tabia hiyo ikishika mizizi ni ngumu kuing'oa. Wiki chache za kazi na Steele, kujenga mwili na kuzoea kugombea mpira katikati ya watu, zilikuwa na faida kuliko mechi nyingine tatu za kushikwa na hofu.

Kwenye ligi alirudi kwa bahati. Lindegaard aliumia kifundo cha mguu mazoezini. Februari 5, ugenini kwa Chelsea, De Gea alifungwa matatu, United wakiwa nyuma 3-0 mapema kipindi cha pili. Walisawazisha 3-3, na mwishoni Juan Mata akapiga mpira wa adhabu uliokuwa unaelekea pembe ya juu. De Gea aliufikia kwa ncha za vidole. Shuti la Gary Cahill pia alilizuia. Kwa hesabu za magazeti alifungwa mabao matatu, na hiyo ndiyo mechi ambayo wengi huitaja kuwa mwanzo wake halisi Uingereza. Kwangu mimi uzito wake uko kwenye mpangilio wa matukio: kijana aliyetoka benchi, amefungwa matatu, halafu katika dakika ngumu kuliko zote anafanya kitendo sahihi. Kitendo kinachofuata baada ya kosa, hasa krosi ya kwanza baada ya krosi uliyoikosa, kinaeleza juu ya kipa kuliko kosa lenyewe.

Baada ya hapo haikuwa mteremko. Januari 2013 kwa Tottenham, baada ya kuokoa mara kadhaa, dakika za nyongeza aliipiga ngumi krosi lakini mpira haukwenda mbali, Aaron Lennon akaupata na kumpa Clint Dempsey aliyesawazisha 1-1. Kelele zikarudi zote. Mwezi uliofuata alikuwa Santiago Bernabéu dhidi ya Real Madrid, mechi ya 1-1, na akaokoa shuti la Fábio Coentrão kwa mguu, ule mtindo uliodhaniwa uzembe. Mwisho wa msimu United walikuwa mabingwa na yeye akachaguliwa na wachezaji wenzake katika kikosi bora cha mwaka.

Hapa ndipo hadithi nyingi za De Gea humalizika kwa kusifu subira. Sikubaliani nazo kirahisi, kwa sababu klabu ile ile, chini ya kocha yule yule, ilishawahi kukutana na hali kama hiyo na ikaamua tofauti.

Tim Howard alifika 2003 akiwa na miaka 24. Msimu wake wa kwanza alikuwa mzuri kiasi kwamba naye aliwekwa katika kikosi bora cha mwaka. Machi 2004, dhidi ya Porto, dakika ya 90, alipangua mpira wa adhabu wa Benni McCarthy, ukamwangukia Costinha, bao, na United wakatolewa Ligi ya Mabingwa. Kujiamini kwake kuliyumba, nafasi ikawa ya kugawana na Carroll, kisha akaja Van der Sar. Howard akaenda Everton 2006 na kukaa huko miaka kumi kama namba moja. Ben Foster naye alikuwa mchezaji bora wa fainali ya Kombe la Ligi 2009, ile aliyotazama penalti za wapinzani kwenye iPod kabla ya mikwaju, akaonekana mrithi wa Van der Sar. Makosa machache msimu uliofuata yakatosha. Mwaka 2010 aliuzwa Birmingham City, na Februari 2011 akabeba Kombe la Ligi nao, tena akiwa mchezaji bora wa fainali.

Howard na Foster hawakuwa makipa wabovu, wala De Gea hakuwa na moyo wa chuma kuliko wao. Tofauti ninayoiona ni kwamba 2005 alikuwepo Van der Sar wa kununuliwa, na 2012 hakuwepo. Klabu ilikuwa imeshalipa pesa nyingi, na Lindegaard, aliyekuwa nyuma yake, hakuwa na nafasi kubwa ya kukua zaidi. Subira mara nyingi ni jina zuri la kukosa njia nyingine. Tunawakumbuka walioaminiwa mapema wakasimama, Gianluigi Buffon langoni kwa Parma dhidi ya Milan 1995 akiwa na miaka 17, Gianluigi Donnarumma aliyeanza kwa Milan akiwa na 16. Waliotupwa baada ya mechi nne hawana wa kuwasimulia.

Huko chini, kwenye akademi za vijana, kosa hili la kumpima kipa kwa mabao ni baya zaidi kwa sababu hakuna televisheni wala Steele. Lango kamili lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mweke mtoto wa miaka 13 hapo na wapinzani watagundua mapema kwamba mpira wowote unaopita juu ya kichwa chake ni bao. Kocha anahesabu, anamchukua aliyerefuka mapema, na mfupi anayesoma mchezo vizuri anapelekwa beki ya kulia au nyumbani. Miaka minne baadaye wamelingana kimo. Mrefu wa zamani hakuwahi kulazimika kujifunza kusimama mahali sahihi, maana mikono yake ilikuwa inafika tu. Jambo jingine ni timu anayochezea. Kipa wa timu inayoshinda 7-0 kila wiki anamaliza mechi nyingi bila kufungwa na hajifunzi lolote. Anayepigiwa mashuti 15 kwa mechi ana rekodi mbaya na elimu nzuri. Skauti anayesoma rekodi atamchukua wa kwanza.

Ningekuwa nampima mtoto wa namna hiyo, ningetazama alikuwa amesimama wapi mpira ulipopigwa, kama miguu ilikuwa imetulia, na kama uamuzi wa kutoka au kubaki aliufanya mapema hata kama uliishia vibaya. Aliyeamua mapema akakosea anafundishika. Anayesubiri aone kwanza atakuwa salama akiwa na miaka 14 na atakwama akiwa na 20. Na ningetaka kumwona zaidi ya mara moja, siku ambayo timu yake inaelemewa.

Udhaifu wa De Gea uliotajika 2012, kumiliki eneo la hatari, haukuisha kabisa. Ulipungua. Alipokuwa kwenye kilele, kama Desemba 2017 alipookoa mara 14 dhidi ya Arsenal, miitikio yake iliufunika. Lakini kazi yenyewe ilikuwa inabadilika: sheria ya 2019 iliruhusu goli-kiki kupokelewa ndani ya boksi, makocha wakataka kipa aanzishe mashambulizi kwa miguu na asimame mbali na mstari wake. Miguu ile iliyookoa mashuti haikuwa na utulivu sawa kwenye kupiga pasi. Aprili 2023 kwa Sevilla, na Mei kwa West Ham, makosa yake yalizaa mabao. Msimu huo huo alimaliza na mechi 17 bila kuruhusu bao, nyingi kuliko kipa yeyote wa ligi, akapewa tuzo ya Glovu za Dhahabu. Klabu haikumwongezea mkataba. Alikaa mwaka mzima bila timu kabla Fiorentina hawajamchukua Agosti 2024.